Dawa ipi ianze? Karani wa bandarini mwenye ADHD, sonona, presha na muguka

Mwanamume wa miaka 36, mkazi wa Mombasa, karani wa kampuni ya klaringi (inayotoa mizigo bandarini), ana mke na watoto wawili. Ameletwa kliniki na dada yake mkubwa, anayesema: "Dawa anameza, lakini mtu mwenyewe hayuko." Ndani ya mkoba wa dada mna pakiti tatu: fluoksetini ya sonona mg 40 kwa siku, diazepamu mg 5 aliyoanza kununua miezi mitano nyuma ili apate usingizi, na amlodipini ya presha ambayo haijafunguliwa. Kuna na cha nne kisichokuwa mkobani, nacho ni muguka, majani mabichi ya kutafuna yanayochangamsha. Hicho hakuna mhudumu aliyewahi kumwuliza.

Mgonjwa huyu si mtu mmoja. Ni kisa cha mfano, kilichounganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wazima wenye ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu inayoanza utotoni. Kinachostahili kutazamwa hapa ni mpangilio wa tiba, kwa sababu wagonjwa wa aina hii huharibikiwa zaidi na mpangilio kuliko na dawa zenyewe. Mtu mzima mwenye ADHD mara nyingi huja na sonona, wasiwasi, matatizo ya usingizi au kilevi fulani, na kila kimoja kinaweza kuvaa sura ya mwenzake.

Alivyofika

Kazini, entri zake (fomu za forodha za mizigo) zinarudishwa mara tatu, mara nne kwa wiki. Nambari ya kontena imegeuzwa tarakimu mbili, au msimbo wa bidhaa ni wa mzigo mwingine. Entri ikirudi, kontena inalala bandarini, demareji, yaani tozo ya kuchelewa, inahesabika, na mwenye mzigo anampigia bosi simu. Amepoteza kazi mara mbili, ya mwisho 2021, na ndipo sonona ilipomwangusha: asubuhi hainuki, chakula hakina ladha, hata mpira wa jioni ameuacha.

Alipewa fluoksetini mg 20, na uamuzi ule ulikuwa sahihi. Baada ya wiki sita aliweza kuamka na kula. Lakini kazi haikutengemaa, ikaonekana dozi haitoshi, ikapandishwa hadi mg 40. Hapo akazidi kuhangaika, usingizi ukakatika, akaingia kwenye diazepamu. Kosa lilikuwa dogo na linafanyika kila siku: dawa ya sonona ilipimwa kwa jambo ambalo si kazi yake. Huzuni ikipungua na kusahau kukabaki palepale, usiguse dozi kwanza. Uliza kama kusahau kulikuwapo kabla ya huzuni.

Mstari wa maisha

Chombo kilichofungua kisa hiki ni karatasi moja iliyolazwa na kalamu tatu za rangi. Unachora mstari kutoka umri wa miaka 6 hadi 36. Rangi ya kwanza ni ya kukosa umakini, ya pili ni ya huzuni, ya tatu ni ya muguka. Kisha unajaza mwaka baada ya mwaka, mgonjwa na jamaa zake wakisaidiana kukumbuka: alikuwa shule gani, alikaa kwa nani, alifanya kazi wapi.

DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unataka dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za utukutu na pupa, kwa mtu wa miaka 17 na zaidi. Ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, baadhi yake zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zinaonekana mahali pawili au zaidi, zimeathiri maisha, na haziwezi kuelezwa vizuri zaidi na ugonjwa mwingine. Sharti la miaka 12 ndilo gumu. Mtu mwenye sonona hukumbuka utoto wake kwa macho ya sonona, kwa hiyo neno lake peke yake halitoshi.

Mama yake alikuja siku ya pili. Aliulizwa, "Mama, alipokuwa darasa la tatu, la nne, alikuwaje?" Akajibu: "Huyu nikimtuma chumvi, hurudi na habari za watu aliowakuta njiani. Chumvi hana, na pesa hana." Kisha akatoa ripoti za shule zilizohifadhiwa kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ya 1998, darasa la nne, ilisomeka hivi: muhula wa kwanza nambari 3 kati ya wanafunzi 48, wa pili nambari 31, wa tatu nambari 6. Chini, kwa wino wa buluu, mwalimu ameandika: "Mwerevu, lakini hatulii. Amalize kazi anayoianza." Karatasi ile, iliyoandikwa na mtu asiyejua chochote kuhusu ADHD, ina uzito kuliko dodoso lolote la leo.

Dodoso lilijazwa pia. ASRS, iliyotayarishwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, ina maswali 18, na 6 ya mwanzo hutumika kuchuja. Majibu 4 yakiangukia sehemu yenye kivuli, uchunguzi kamili unahitajika. Yeye alipata 5. Lakini mtu mwenye sonona, aliyelala kwa saa tatu tu na kutafuna muguka usiku kucha, anaweza kupata 5 hata kama hana ADHD. Dodoso linakwambia uendelee kuuliza. Halikupi jibu.

Karatasi ilipojaa, rangi ya kwanza ilikuwa imeanza umri wa miaka 7 na haikukatika, hata katika miaka aliyokuwa na furaha na kazi nzuri. Ya huzuni ilikuwa na vipande viwili vyenye mwanzo na mwisho, 2015 na tangu 2021. Ya muguka ilianza chuoni, umri wa miaka 19, usiku wa kuamkia mtihani. "Mara ya kwanza maishani nilikaa kitako nikasoma saa mbili mfululizo," alisema. Maneno hayo ni dokezo zuri, ila hayathibitishi: kichangamshi humwongezea karibu kila mtu uwezo wa kukesha na kukaza macho.

Kilichothibitisha kilikuwa pengo. Mwaka 2018 alivunjika mguu, akauguzwa wiki tano kwa dada yake Malindi, nyumba isiyoingia muguka. Alilala vizuri, hakuwa na huzuni, na bado aliunguza sufuria mara mbili, akapoteza simu ndani ya nyumba asiyotoka, na kila fomu ya bima aliyoijaza ilirudishwa. Pengo kama hilo lipo karibu katika kila maisha: Ramadhani, safari, kulazwa, kazi ya bara. Litafute.

Swali moja halikuachwa: je, kuna wakati wowote aliokaa siku nne mfululizo au zaidi akiwa na nguvu zisizo za kawaida, maneno mengi, mipango mikubwa, usingizi kidogo bila uchovu? Hiyo ni dalili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na huko mpangilio wa tiba hugeuka kabisa. Dada yake alizipitia siku za kukesha moja moja, na zote zilikuwa na muguka. Pasipo muguka, akikesha alikuwa hoi kesho yake.

Vipimo vya mwili vilikuwa vya kawaida na vya lazima: damu kamili kwa ajili ya upungufu wa damu, homoni ya tezi la shingo, sukari, VVU (virusi vyenyewe na baadhi ya dawa zake, kama efavirenzi, huweza kuvuruga umakini na usingizi), na maswali ya kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Vyote vilikuwa salama. Presha ilikuwa 154/98, mapigo ya moyo 102 kwa dakika. PHQ-9, dodoso la sonona lenye alama 0 hadi 27, ilitoa 17. Swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, lilisomwa kwa sauti na likajibiwa kwa utulivu: huwaza kwamba afadhali asiamke, hana mpango wala nia. Jibu hilo liliulizwa upya kila alipokuja.

Muguka kwanza

Muguka na miraa ni mmea mmoja. Kiini chake, kathinoni, ni ndugu wa amfetamini. Huchakaa upesi majani yakinyauka, ndiyo maana huuzwa yakiwa mabichi. Pwani muguka ni rahisi na uko kila kona. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kuupiga marufuku, mahakama ikasimamisha. Kitu kinachouzwa hadharani hivyo, mgonjwa hakihesabu kuwa dawa. Ukimwuliza, "Unatumia dawa za kulevya?" atajibu hapana, na hasemi uongo. Uliza, "Watafuna? Kuanzia saa ngapi? Ukimaliza, walalaje?"

Kwa karani huyu mzunguko ulikuwa huu: mchana kazi haikamiliki, usiku anatafuna ili aimalize, alfajiri anameza diazepamu, asubuhi kichwa kizito, makosa yanaongezeka, usiku anatafuna tena. Kuweka dawa ya ADHD juu ya mzunguko huu ni kuongeza kichangamshi juu ya kichangamshi, presha ikiwa 154/98.

Tarehe ya kuacha ilipangwa baada ya wiki yenye meli nyingi, ili asianze siku ambayo angeshindwa. Aliambiwa mapema yatakayompata: siku za kwanza usingizi mzito, njaa, ndoto za kutisha, moyo kushuka, na kwamba kwa wengi hali hiyo hulegea ndani ya wiki moja au mbili. Asiyeambiwa hudhani sonona imerudi na kurudi kwenye bunda. Diazepamu haikukatwa ghafla, maana mwili uliozoea unaweza kutetemeka na hata kupata degedege. Ilishushwa kila wiki mbili, 5, kisha 4, 3, 2, 1, kwa kutumia vidonge vya mg 2 na nusu zake. Amlodipini mg 5 ilianza siku ya kwanza. Mke wake alichukua jukumu la kupima presha nyumbani asubuhi na jioni na kuandika.

Kufikia wiki ya saba, akiwa wiki ya nne bila muguka, presha ilikuwa 134/86, mapigo 82, PHQ-9 imeshuka hadi 11. Kusahau na entri za kurudi: vilevile. Sasa ADHD ilikuwa imebaki peke yake mezani, inaonekana wazi, nayo ingeweza kutibiwa.

Hapa ndipo tiba ilipoteleza

Kwa kuwa alikuwa na historia ya kichangamshi, ilichaguliwa atomoksetini, dawa ya ADHD ambayo si kichangamshi na haina soko la mtaani. Hoja ilikuwa ya busara. Ilianza mg 40 asubuhi, na baada ya siku saba ikapandishwa hadi mg 80, kama maelekezo ya kawaida ya mtu mzima yanavyosema. Siku ya kumi ya mg 80 akarudi: mapigo 118, presha 158/104, kinywa kikavu, jasho, mkojo unatoka kwa shida, chakula hakipiti, usingizi hana. Familia ilishuku amerudia muguka. Hakuwa amerudia.

Sababu ilikuwa kwenye pakiti ya kwanza ya mkobani. Atomoksetini husagwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, na fluoksetini hukizuia kimeng'enya hichohicho kwa nguvu. Dawa ikiingia haina pa kutokea, kiwango chake katika damu hupanda mara kadhaa, na mg 80 inafanya kazi kama dozi kubwa mno. Paroksetini, dawa nyingine ya sonona, hufanya vivyo hivyo. Na hakuna faida kusimamisha fluoksetini leo ukidhani kesho njia itakuwa wazi: zao lake mwilini hupungua nusu kwa muda unaoweza kufika wiki mbili, kwa hiyo uzuiaji huendelea kama wiki tano.

Mwenye fluoksetini ambaye atomoksetini ndiyo pekee inayopatikana aanze mg 40, abaki hapo wiki nne nzima huku mapigo na presha vikipimwa, na apandishwe tu kama anaivumilia na haijasaidia. Au daktari amhamishie sertralini, dawa nyingine ya sonona, ambayo kwa dozi ya mg 50 hukigusa kimeng'enya hicho kidogo tu, na asubiri wiki hizo tano. Imipramini na dawa nyingine kongwe za sonona hutajwa kama mbadala pale dawa za ADHD zinapokosekana. Tatizo ni lilelile: nazo hupitia CYP2D6, na zikizidi huvuruga umeme wa moyo. Kwa mtu aliyewahi kuwaza kutoamka, pakiti ya imipramini nyumbani ni hatari inayohitaji kuzungumzwa waziwazi na familia.

Njia iliyoshika

Atomoksetini ilisimamishwa. Baada ya siku kumi na mbili presha ikarudi 132/84. Fluoksetini ilishushwa hadi mg 20, dozi iliyomsaidia tangu mwanzo, ikabaki. Kishawishi cha kuibadilisha kabisa kilikuwepo, lakini dawa iliyomwinua mtu kutoka kitandani haiachwi kwa sababu iligombana na nyingine.

Kisha methilfenidati, dawa ya ADHD iliyo kichangamshi. Hii huvunjwa na kimeng'enya kingine kabisa, kwa hiyo fluoksetini haiizibi. Kwa mtu mwenye historia ya muguka ilichaguliwa aina inayotoka polepole, kidonge kimoja cha asubuhi, kwa sababu haipandi ghafla kichwani na haifai kusagwa. Kidonge humezwa kizima. Ganda tupu linaweza kuonekana chooni, na mgonjwa asiyeonywa huapa kwamba dawa imepita bila kufanya kazi. Mke alikaa na chupa, dawa ya siku 30 kwa mara moja, vidonge vikahesabiwa kila ziara.

Dozi ilipanda kila wiki, na kila kabla ya kupanda vilipimwa presha, mapigo na uzito. Mg 18: hakuna tofauti. Mg 36: entri zilizorudi wiki hiyo ni moja. Mg 54: entri sifuri, lakini ikifika magharibi akawa mkali kwa watoto, mapigo 104, chakula cha usiku hakitaki. Akarudishwa mg 36. Dozi bora ni ile inayofanya kazi bila kumgharimu mtu jioni yake, na hesabu ya entri zilizorudi ilieleza hilo vizuri kuliko jibu la "najisikia vizuri".

Dawa ilimpa umakini, haikumpa utaratibu ambao hakuwahi kuujenga. Huo ulifanyiwa kazi na mwanasaikolojia, vikao kumi na viwili. Kilichobaki kutumika ni vitu viwili. Daftari moja tu, badala ya vikaratasi na ujumbe wa simu. Na kila entri kusomwa kwa kidole, tarakimu moja moja, na mwenzake wa dawati la pili akifuatisha kwa macho kabla haijatumwa. Dakika nne kwa entri.

Upatikanaji ni sehemu ya tiba. Methilfenidati imo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo famasi huitoa kwa cheti cha daktari na kuiandika. Kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2019 na tena 2021, jambo linaloumiza kwa nchi zinazonunua dawa za umma kwa kufuata orodha hiyo. Famasi nyingi hazina akiba. Ipigiwe simu wiki moja kabla chupa haijaisha. Kwa jamaa wa pwani wanaokwenda Ghuba: Falme za Kiarabu zinataka kibali cha dawa za aina hii kabla ya kusafiri, na barua ya daktari mfukoni haichukui nafasi ya kibali hicho. Na yeyote atakayeanzishiwa linezolidi kwa kifua kikuu sugu aseme mapema kuwa anatumia methilfenidati au fluoksetini, maana zinagongana vibaya.

Ramadhani ilipoingia, kidonge kilihamia daku. Kinafanya kazi kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili hivi, kwa hiyo ikifika alasiri kinakwisha. Entri zote zikapangwa kabla ya adhuhuri, na alasiri ikawa ya simu na kufuatilia magari. Kukimeza baada ya futari kungemnyima usingizi na tarawehe ingemkuta anahangaika. Uzito ulipimwa kila wiki, ukashuka kilo moja na nusu, ukarudi Shawwal. PHQ-9 wakati huo ilikuwa 5.

Lau angekuwa na baipola, hakuna hata kimoja cha hivi kingefuata mpangilio huu: kwanza dawa ya kutuliza hisia, mfano lithiamu, hadi hali itulie, kisha ndipo ADHD. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wenye baipola waliotumia methilfenidati bila kinga hiyo walipanda hadi mania (msisimko wa kupita kiasi) mara nyingi zaidi, na waliokuwa na kinga hawakupata ongezeko hilo.

Mwezi wa saba wa tiba, wiki ya meli tatu, alitafuna usiku mbili. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mwandiko wake: siku ya muguka, kidonge hakimezwi, mke aambiwe siku hiyohiyo, presha ipimwe asubuhi na jioni, kidonge kirudi ikishuka chini ya 140/90. Alimwambia mkewe alfajiri ya pili. Presha ilikuwa 146/94. Siku iliyofuata 138/88, akameza mg 36 saa moja asubuhi, akaenda kazini, na mwenzake wa dawati la pili akavuta kiti.